Mkono Ulioshika Mjeledi: Kumsomea Mtoto Adili na Nduguze

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani hapa Tanga. Katika sanduku la marehemu baba nimekuta Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, jalada limeshabanduka. Mimi na mwanangu wa miaka 13 tumekuwa tukikisoma baada ya isha, kurasa chache chache. Sasa tumefika pale Adili, Liwali wa mji, anapowachapa manyani usiku. Mtoto akaniuliza, "Mama, kama Adili ni mwema, mbona anapiga?" Nikakosa la kumjibu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akitusikiliza, akasema kitabu chenye majini hakisomwi usiku, tukifunge. Je, tukifunge? Na kama tutaendelea, nikisome vipi nisimpotoshe mtoto?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msikifunge. Lakini haya ninayokuandikia yasome peke yako, maana nitalazimika kutaja mambo ambayo mtoto hajayafikia, na kitabu hiki kimejengwa juu ya kutojua. Ukimwambia mapema manyani wale ni nani, umemnyang'anya nusu ya kitabu.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu usiku unasomea nyumbani kwake na moyo wake lazima utulie. Usimbishie. Kwetu pwani jini si kiumbe cha kuchekeshea watoto. Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao, sura ya 72, nayo inaeleza kwamba miongoni mwao wamo wema na wamo wasio wema. Jini wa kitabu hiki, Huria, anatoka katika ufahamu huo huo. Mwambie mama hivi: Adili hamwiti Huria kwa buhuri wala kwa kafara. Alimwokoa siku moja alipokuwa akifukuzwa na adui, bila kujua anamwokoa nani, na Huria hakuusahau wema ule. Hakuna uganga unaofundishwa humo. Kilichomo ni deni la wema na namna lilivyolipwa, na malipo yenyewe ndiyo yanayotisha.

Kisha hamisha wakati. Someni baada ya laasiri, barazani, mama mkwe akiwa na kiti chake karibu. Bibi aliyekulia Tanga amesikia hadithi nyingi za watu waliogeuzwa na miji iliyoangamia kuliko nilizozisoma mimi vitabuni. Akianza kukatiza kwa "hii hata sisi tulihadithiwa", mwache akatize. Kitabu hiki kinavumilia kukatizwa.

Sasa swali la mwanao. Napenda ujue kwamba hajauliza swali la kitoto. Ameuliza swali ambalo kitabu kizima kinalibeba kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anatumwa Janibu kufuatilia baki ya kodi. Anapokelewa kwa ukarimu, anauona mji ulivyotulia, anamwona Liwali anavyopendwa na watu wake. Usiku anaona lile ambalo mgeni hakutakiwa kuliona: Liwali yule yule ameshika mjeledi, anawapiga manyani wawili waliofungwa, kisha anawahurumia na kuwalisha. Ikibali naye anajiuliza kama mwanao: mbona? Hana jibu, analichukua swali pamoja na kodi, analifikisha kwa mfalme. Mfalme naye anauliza. Ndipo Adili anaitwa aje na manyani wake kujieleza.

Kwa hiyo leo jioni usione aibu kumwambia mtoto, "Hata mfalme alitaka kujua." Hilo ni jibu la kweli, na linamsukuma mbele.

Jibu lenyewe, ambalo wewe unalihitaji ili usome kwa sauti inayostahili, ni hili. Manyani wale ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake Adili wa baba mmoja, Faraja. Baba alipokufa waligawana mali. Wao walizitapanya zao, Adili akawapokea tena na kugawana nao alichokuwa nacho. Wakasafiri pamoja, na katika safari hiyo Adili akampata Mwelekevu, binti aliyebaki hai peke yake katika mji uliogeuka mawe. Wivu ukawapanda ndugu zake mpaka wakamtosa baharini. Kikulacho ki nguoni mwako. Huria akamwokoa, akawageuza wale wawili kuwa manyani, akamwamuru Adili awachape kila usiku.

Simama hapo kwenye amri. Watu wengi niliowafundisha kitabu hiki huipita mbio kwa sababu akili zao zimeshatosheka: wabaya wameadhibiwa, hadithi imenyooka. Mimi nimekisoma miaka mingi na kila nikifika hapo sitosheki. Huria angeweza kuwachapa mwenyewe. Angeweza kuwaacha manyani tu, porini, na hiyo ingekuwa adhabu ya kutosha. Badala yake aliutia mjeledi katika mkono wa mtu pekee ambaye kila pigo lingemuuma. Waliokosa ni wawili, wanaoumia kila usiku ni watatu. Mchana Adili anakaa barazani anaamua kesi za watu kwa haki, na jua likizama anafunga mlango na kuwa mtesaji wa ndugu zake kwa amri asiyoweza kuivunja. Nikiulizwa giza la kitabu hiki liko wapi, siendi kwenye majini wala kwenye mji wa mawe. Naenda kwenye chumba kile.

Mkumbuke na mwandishi alizaliwa lini na wapi. Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, Machui, hapo hapo kusini mwa mji wenu, Wajerumani wakiwa bado wanatawala. Kiboko chao wazee wa pwani walikiita kwa idadi yake, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, na neno hilo liliendelea kutajwa hata baada ya Wajerumani kuondolewa Tanga mwaka 1916. Kitabu kilipochapishwa mwaka 1952, msomaji wa makamo hapa Tanga hakuhitaji kuelezwa mjeledi ni nini. Wala hakuhitaji kuelezwa kwamba anayepiga mara nyingi ni mtu wa hapa hapa, aliyeamriwa na mwenye nguvu kumzidi. Sisemi kwamba mwandishi alikusudia fumbo hilo. Nasema masikio ya wasomaji wake wa kwanza yalikuwa na kumbukumbu hiyo, na ukimsomea mtoto, mpe nafasi bibi aiseme kama anayo.

Kuna jambo jingine la maisha ya mwandishi ambalo hunisisimua kila nikifungua kurasa za mwanzo. Alikuwa karani wa Forodha tangu 1926 hadi 1944, akianzia Pangani, kisha akahamia Idara ya Wanyama kwa miaka miwili, kisha akarudi Tanga kwenye ofisi ya wilaya. Tazama sasa kitabu kinavyoanza: mfalme apendaye wanyama, halafu baki ya kodi iliyochelewa. Mtu huyu alizifahamu barua za kudai mapato. Aliijua karatasi kavu ya serikali, na akajua kwamba nyuma yake, katika nyumba fulani ya mbali, kuna mtu analia usiku. Ikibali alikwenda kudai kodi akarudi na siri. Sijui mwanzo mwingine wa riwaya ya Kiswahili ninaoupenda kuliko huu.

Utasikia mtu akikuambia kwamba kisa hiki si cha Shaaban Robert, amekichukua katika Alfu Lela Ulela. Ni kweli, na usione haya. Humo mna kisa cha Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, aliyekuwa na mbwa wawili akiwachapa kila usiku, nao walikuwa ndugu zake, Nasir na Mansur. Mfalme anayepeleka mjumbe kudai mapato huko ni Harun al-Rashid. Mwandishi wetu alichukua mifupa hiyo. Thamani yake iko katika alivyobadilisha, na mabadiliko mawili nayaona makubwa.

La kwanza ni mbwa kuwa manyani. Mtoto wako kama anasoma madrasa, muulize mwenyewe. Sura ya Al-Baqara, aya ya 65, inataja watu walioivunja Sabato wakaambiwa wawe manyani waliodhalilika, na jambo hilo linarudi katika Al-Aaraf, aya ya 166. Msomaji Mwislamu wa Tanga akisoma kwamba watu wameadhibiwa kwa kugeuzwa manyani, moyo wake unaenda huko moja kwa moja. Mbwa wasingempeleka. Isitoshe nyani ana mikono kama yetu na uso unaokaribia wetu. Ukimpiga, anajikinga kama mtu anavyojikinga. Damu ya udugu bado inaonekana ndani ya ngozi ile, na ndiyo maana sura hiyo ni nzito kuisoma kwa sauti.

La pili ni mwisho. Katika Alfu Lela Ulela wale ndugu wakisharudishiwa ubinadamu wanarudia uovu wao, na hukumu yao ni kifo. Shaaban Robert hakutaka kwenda huko. Mfalme Rai anawaombea msamaha kwa Huria, wanarudi kuwa watu, na kisa kinaelekea kwenye kusameheana. Kuna wanaosema ameulainisha mwisho. Mimi naona alichagua lililo gumu zaidi kuliamini, na akamwachia msomaji kazi ya kuliamini au kulikataa. Mwanao akikwambia, "Mimi nisingewasamehe", usimkemee. Amefika mahali ambapo mwandishi mwenyewe alisimama, akiwa na kisa cha zamani mkononi kinachomwambia waue.

Majina sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko mtoto atakakofurahia. Utaona kila mtu ameitwa kwa tabia yake, na mwalimu wa shule atamwambia ayaorodheshe kwenye daftari. Asiyaorodheshe kwanza. Mwache ayaonje. Hasidi na Mwivu, kwa mfano: maana moja, maneno mawili. Hasidi limetujia kwa Kiarabu, mwivu ni neno letu la Kibantu. Kama kwamba mwandishi aliona wivu ni mkubwa mno hata lugha moja haitoshi kuubeba, akazitumia zote mbili zilizochanganyika katika Kiswahili. Ukilinganisha na majina ya zamani, Nasir na Mansur, yenye maana ya ushindi, unaona aliwavua mavazi.

Huria ni jina linalonisumbua zaidi. Ni neno lile lile tunalolisikia katika uhuru. Jini mwenye jina la uhuru ndiye anayewafunga wawili katika miili ya manyani na wa tatu katika amri. Sina maelezo ya kukutosheleza juu ya hilo na sitaki kukutungia. Ninajua tu kwamba kitabu kilitoka miaka 9 kabla ya Tanganyika kupata uhuru, na mtu makini kama yule hakuokota majina njiani.

Na Ughaibuni, nchi ya Mfalme Rai. Leo tukisema fulani yuko ughaibuni tunamaanisha yuko Ulaya au Marekani anatuma pesa. Mwambie mtoto aiweke pembeni maana hiyo. Ghaibu ni kile kisichoonekana, ambacho elimu yake ni ya Mungu. Janibu nayo ni upande, kando. Basi hadithi inatokea kati ya nchi ya yaliyofichika na mji wa ukingoni mwake. Ndiyo maana siri haiwezi kukaa sana Janibu: ni lazima ifike kunakojulikana yaliyofichwa. Adili lenyewe ni neno ambalo Shaaban Robert aliliandikia pia utenzi, Utenzi wa Adili, akimuusia mwanawe wa kiume. Hakuliokota kwa ajili ya riwaya hii, alilikusudia hasa.

Kuhusu namna ya kusoma: kwa sauti, na polepole. Sentensi zake zilitungwa na mshairi, zina mizani hata pale zisipokuwa na vina. Mtoto akisoma kimya ataona maneno magumu tu. Ukimsomea atasikia mwendo, na maana ya maneno mengi itajileta yenyewe. Kamusi iwe karibu, ila msiifungue katikati ya tukio. Neno moja moja likiwashinda, mama mkwe atakuwa analijua, maana mengi yalikuwa maneno ya kawaida ya mjini Tanga wakati wa ujana wake. Pale mwandishi anapokaa muda mrefu kusifu tabia njema, nitakuwa mkweli kwako, mtoto atachoka. Usiruke, ongeza mwendo tu, maana ndani ya sifa hizo mna sentensi zilizonakshiwa ambazo utajuta kuzikosa.

Sura moja naomba isisomwe nyumbani. Mkifika kwenye mji wa mawe, subirini Jumamosi, pandeni gari la kwenda Pangani mshuke Tongoni. Mtapita njia ya Machui, alikozaliwa na alikozikwa mwandishi mwaka 1962. Mwambie mtoto asome Fatiha mkipita. Tongoni pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi mengi, mengine yana nguzo, yamesimama karibu na bahari tangu karne nyingi zilizopita. Kaeni kivulini, someni pale Adili anapoingia mji usio na sauti, watu wamesimama wamekuwa mawe kwa sababu ya ukafiri wao. Tongoni hakugeuzwa mtu jiwe. Palikuwa na mji wa watu walioswali, waliofanya biashara na kuzikana kwa heshima. Lakini ukimya wa mahali palipokuwa na watu ni ule ule, na mtoto akiusikia kwa masikio yake ataelewa kwa nini Adili aliogopa. Hapo ndipo njia ya Adili na njia ya ndugu zake zinapoachana. Baharini ni matokeo tu.

Nikuambie na kisichonipendeza, usije ukadhani ninakipenda kitabu bila macho. Mwelekevu hakupewa nafasi inayomstahili. Binti aliyeishi peke yake kati ya ndugu zake waliogeuka mawe, pamoja na wazazi wake, ana kisa chake cha kutisha, pengine kuliko cha Adili, na mwandishi anamfanya mwema sana na mzuri sana kisha anamsubirisha. Kama una binti, mwache aulize Mwelekevu alikuwa akiwaza nini usiku. Sitaki kitabu kimtetee mwandishi mbele ya binti yako.

Pia nasikia kikiitwa kitabu cha watoto, kwa sababu ni chembamba na kina jini. Hapana. Miaka mingi iliyopita, darasani, kijana mmoja aliyekaa nyuma kila siku bila kusema neno, aliinua mkono tulipomaliza sura ya mjeledi. Akauliza, "Mwalimu, je, manyani wakizoea?" Darasa likacheka kidogo kisha likanyamaza. Nilimjibu kwamba kitabu hakisemi. Leo ningemjibu vingine. Ningemwambia kwamba ninachokihofia zaidi ni Adili kuzoea, na kwamba machozi yake ndiyo dalili pekee tuliyonayo kwamba hajazoea. Hilo lichukue ulipeleke kwa mwanao wakati ukifika, si leo. Mtu mwema anapopiga na bado analia, kuna mlango haujafungwa. Angekuwa anapiga bila kulia, hata mfalme angeitwa asingekuwa na la kuokoa.

Na hakuufungua mlango ule peke yake, hilo nalo mwelekeze alione mwenyewe. Adili, pamoja na uadilifu wake wote, hakuweza kujitoa. Ilibidi mgeni aone. Ilibidi mgeni yule, ambaye kwa adabu zetu hakupaswa kusema ya chumbani kwa mwenyeji wake, avunje adabu na kusema. Muulize mwanao kama Ikibali alifanya vizuri. Nadhani mtabishana mpaka magharibi, na bibi atakuwa upande ambao hamkuutarajia.

Nakala yenu ya baba isitupwe hata mkipata mpya. Jalada msilibandike kwa selotepu, hugeuka njano na kuharibu karatasi, hasa kwa unyevunyevu wetu wa pwani. Mpelekeeni fundi anayeshona vitabu kwa uzi, au lishoneni wenyewe kwa sindano ndefu, mkipitisha kwenye mikunjo ile ile ya zamani.